Mahali pa Kupumulia

Pumzi ile ilisikika mara ya kwanza saa tano asubuhi, jua likiwaka uani, wala hapakuwa na hata wingu moja la kusingiziwa.

"Hapo umeacha kitu," alisema Chiriku.

Fundi wa sauti akausimamisha wimbo. "Kitu gani, dada?"

"Pumzi. Kabla ya 'narudi'."

"Mimi niache pumzi? Labda nilikuwa nimelala." Akarudisha nyuma, akafumba macho, akasikiliza. Ilikuwepo kweli. Dakika ya pili na sekunde ya kumi na moja: pumzi fupi, ya haraka, ya mtu anayevuta hewa kwa mdomo wazi kabla ya kusema neno. Akaizungushia alama kwenye skrini, akaikata. "Haya, imekwenda na maji."

Kesho yake ilikuwa imerudi.

Chiriku ni jina alilopewa na mashabiki; la kuzaliwa lilibaki nyumbani, mdomoni mwa mama yake. Walimwita hivyo kwa sababu aliimba bila kuchoka juu ya midundo ya kompyuta, albamu tatu kwa miaka minne, watu wakacheza mpaka viatu vikaomba msamaha. Kisha kimya. Miaka tisa. Mwanzoni mashabiki waliandikiana kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Baadaye wakaacha kuandika. Hawakujua kwamba hapakuwa na mshindo wowote uliokuwa ukipikwa. Palikuwa na uvimbe kwenye nyuzi za sauti, palikuwa na kisu cha daktari, na palikuwa na mwanamke mzima aliyejifunza upya kusema "maji" na "asante". Sauti ilirudi, lakini pumzi haikurudi nayo. Akiimba maneno matatu, la nne lilitoka likichechemea, na katikati ulisikia hewa ikikwaruza kooni kama ufagio kwenye saruji.

Ndipo fundi akatafuta njia. Alikuwa mtu wa makamo mwenye kitambi cha heshima, aliyemrekodi tangu albamu ya kwanza. Studio yao ilikuwa stoo ya nyumba ya mama: kuta zimevalishwa magodoro ya zamani, na kwenye kona kibanda cha kuimbia, kipana kama kabati, kimetengwa kwa kioo. Wakati wa kurekodi feni ilizimwa na mlango ukafungwa, na humo ndani hapakuwa tena na mchana wala usiku, palikuwa na balbu moja tu. Chiriku aliimba maneno matatu, akapumzika, akaimba matatu mengine. Fundi akaunga. Na kila palipokuwa na pumzi akaikata, kwa sababu pumzi ndiyo iliyotoa siri ya ugonjwa. Zile alizokata hakuzifuta. Hakuwa mtu wa kutupa kitu. Hata boksi la kinanda chake cha kwanza alikuwa nalo bado. Alizihifadhi kwenye faili aliloliita Makapi.

Kilichobaki kilikuwa kizuri cha kutisha. Sauti iliteleza dakika nne nzima juu ya kinanda, laini kama kioo, bila mahali hata pamoja pa kupumulia.

Wimbo huo, wa tatu kwenye albamu, waliuita "Taa ya Nje", na kampuni ya muziki iliutoa wiki sita kabla ya albamu, kama chambo. Wiki ya kwanza tu mtu akaandika chini yake: "Hivi huyu dada anapumulia wapi?" Mwingine akajirekodi akijaribu kuuimba wote kwa pumzi moja, akaishia kukohoa na kucheka kwenye kiitikio cha pili. Meneja, ambaye hajawahi kuona moto asiupulize, akaligeuza jambo hilo kuwa shindano. Vijana wakaimba mbele ya simu zao, mashavu yamevimba, macho yamewatoka, wenzao wakishangilia: "Usipumue! Usipumue!"

"Umerudi, dada," meneja alimwambia kwa simu. "Tena umerudi na sauti ya msichana."

Chiriku alikata simu, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa uani, akalia kwa furaha. Miaka tisa si mchezo.

Mama yake hakushangilia. Chumba cha mama kilipakana ukuta na studio, na kila kilichopikwa kule alikionja huku. Siku hiyo alipopelekewa chai alisema, "Wimbo mzuri. Ila yule mwenzako ana haraka."

"Mwenzangu yupi, mama?"

"Anayevuta pumzi kabla yako."

Chiriku akacheka. "Masikio yako sasa yanataka likizo."

"Masikio yangu yalishastaafu na pensheni yake," mama alijibu akipuliza chai. "Lakini hayajawahi kunidanganya."

Siku zilizofuata pumzi ilihama. Ilitoka wimbo wa tatu ikaingia wa nne, ikaruka hadi wa saba. Fundi aliikata asubuhi, jioni ikaota tena kama ndevu. Kisha nyuma ya sauti ya Chiriku ikasikika sauti nyingine, ikiitikia kwa chini, na haikuwa ya mgeni. Ilikuwa yake mwenyewe, ile ya miaka tisa iliyopita, nzima, isiyo na kovu.

"Hii hatukuirekodi, dada," fundi alinong'ona. "Nifute?"

Chiriku alivaa hedifoni, akaisikiliza tena. Alikuwa ameikosa sauti ile kama mtu anavyomkosa ndugu.

"Iache."

"Dada..."

"Nimesema iache. Inaimba vizuri kuliko mimi."

Tangu siku hiyo studio ilianza kunuka. Ilikuwa harufu ya vumbi linaloungua juu ya waya, na chini yake harufu nyingine, ya kinywa kilichofungwa muda mrefu. Fundi alileta dawa ya kupulizia, harufu ikameza dawa. Na Chiriku akaanza kupungua hewa. Ngazi tatu za barazani zikawa mlima. Njiti ya kiberiti aliipuliza mara nne, isizimike, mpaka ikamuunguza kidole. Asubuhi moja, bafuni, alisogeza uso karibu kabisa na kioo, akahema. Kioo kikabaki kikavu. Akahema tena, kwa nguvu, mdomo wazi, kama mtoto anayetaka kuchora ukungu. Kikavu. Kilimtazama kama mtu asiyemjua.

Hakumwambia yeyote. Zilibaki wiki mbili na wimbo mmoja tu, wa kumi.

Mchana uliofuata, saa nane, fundi alitoka kwenda kutafuta waya mpya, akamwacha peke yake mbele ya skrini, hedifoni shingoni, akijiambia kwamba ni uchovu, uchovu tu, albamu ikitoka atalala mwezi mzima. Na alikuwa bado anajiambia hivyo alipoona taa nyekundu ya kurekodi ikiwaka bila mkono wa mtu, na mstari wa sauti ukaanza kutembea kwenye skrini, ukinyanyuka na kushuka kama kifua cha aliyelala, akageuza macho polepole kuelekea kibanda kitupu na kuona kioo kikiingia ukungu kwa ndani, duara dogo, usawa ule ule wa mdomo wake anaposimama kuimba, likikua na kupungua, likikua na kupungua, na kutoka kwenye hedifoni zilizomning'inia shingoni ikapanda, ya moto, ikimgusa chini ya taya, sauti yake ya ujana ikiimba wimbo wa kumi, wimbo aliokuwa bado hajauimba, kwa maneno aliyokuwa bado hajamwonyesha mtu.

Alitaka kupiga kelele. Hewa haikutoka.

Mama alisikia kiti kikianguka. Alikuja na mkongojo wake, akamkuta bintiye sakafuni, midomo rangi ya jivu, na kwa nguvu ambazo mwenyewe hakujua kama bado anazo akamkokota kwa makwapa mpaka uani. Huko hewa ilimwingia Chiriku kidogo kidogo, kama maji ya bomba siku za mgao. Fundi alirudi na waya wake mkononi akawakuta hivyo.

"Tangu lini?" mama aliuliza.

"Wiki..." Chiriku akangoja. "Tatu."

"Na wewe, mtu mzima na kitambi chako, ulikuwa unaona?"

"Niliona, mama. Nilidhani ni kompyuta."

"Kompyuta ina kinywa?"

Fundi akauweka ule waya chini.

Mama alikuwa amefanya kazi miaka thelathini ya uopereta wa simu, zamani zile za ubao wa matundu, ambapo maongezi yote ya mji yalipita mikononi mwake: waya mmoja tundu la anayepiga, mwingine tundu la anayepigiwa. Akaketi juu ya ndoo, akasema kwa sauti ya chini, kana kwamba ukuta wa stoo unasikiliza.

"Mchana wa joto ulikuwa unafungua laini ujue kama watu wamemaliza, unamkuta wa tatu. Hasemi. Anahema tu. Opereta mkuu wetu alitufundisha. Alisema huyo ni jini, na hakutumwa na mtu. Mmoja amechomoa upande wake, laini imebaki wazi, na laini iliyo wazi haikosi mpangaji. Usimuulize jina. Muulize tu kama wamemaliza. Akinyamaza, chomoa waya. Akikujibu 'bado', usithubutu kuchomoa, maana utabaki naye wewe. Rudisha kwanza wenye laini, pande zote, akose pa kukaa."

"Lakini sisi hatuna laini, mama," alisema fundi.

"Mnayo. Mmechukua sauti ya mtu mkaitoa pumzi yote. Hiyo ni nini kama si nyumba iliyoachwa mlango wazi?"

Akainuka, akaingia studio. Alivaa hedifoni kwa namna ya waopereta, sikio moja limefunikwa, jingine huru. Fundi alifungua wimbo wa saba kwa kidole kilicholowa jasho. Mama akaisogelea maikrofoni, na sauti iliyomtoka haikuwa ya mama wa nyumbani. Ilikuwa kavu, ya kazini.

"Halo. Mmemaliza?"

Muziki ukakatika wenyewe. Kwenye kioo cha kibanda duara la ukungu likatokea. Kisha, polepole, kwa utamu, kwa sauti ya binti yake wa miaka tisa iliyopita, spika zikajibu:

"Bado."

Mama alivua hedifoni. "Zile pumzi mlizokata. Ziko wapi?"

"Ninazo. Zote," alisema fundi.

"Hapana," alisema Chiriku. Alikuwa amejishikilia kwenye mlango. "Mkizirudisha... watasikia... mgonjwa."

"Watasikia mtu."

"Mama. Miaka tisa."

"Miaka tisa naijua. Nilikuwepo. Nani aliyekulisha kwa kijiko, meneja?" Kisha mama akalainika. "Nguo ya kuazima haisitiri matako, mwanangu. Na huyu aliyekuazima anajilipa kifuani mwako."

Chiriku aliutazama mstari wa sauti kwenye skrini, ulionyooka, usio na pengo. Hakuwahi kutengeneza kitu kizuri kama kile, na alijua hatatengeneza tena. Akaitikia kwa kichwa, kwa sababu neno lilihitaji hewa.

Ilichukua siku tatu. Fundi alichambua Makapi, akarudisha pumzi moja baada ya nyingine: hii ya wimbo wa kwanza, yenye mluzi, hii ya wa pili, iliyokaribia kuwa kikohozi. Kila moja iliporudi, ile sauti ya pili ilipoteza neno. Siku ya pili ikaanza kuimba nje ya mdundo, kama mpangaji anayebamiza milango. Chiriku naye alipanda ngazi moja ya baraza, kisha mbili, kisha zote tatu. Wimbo wa kumi aliuimba kwa pumzi ya kifua chake mwenyewe, na fundi hakukata kitu.

Pakabaki mahali pamoja. "Taa ya Nje", dakika ya pili na sekunde ya kumi na moja. Kwenye Makapi, pumzi ya Chiriku ya pale haikuonekana. Zilikuwepo za yule mwingine, arobaini na kitu, zote zilizokatwa na fundi siku baada ya siku, na ya mwenyewe ilikuwa imepotelea kati yao.

"Hiyo aivute mpya," alisema mama. "Humo humo."

Chiriku aliingia kibandani, akafunga mlango, na harufu ikampokea. Fundi akauanzisha wimbo. Kadiri mahali pale palivyokaribia ndivyo alivyohisi kitu kimesimama mbele yake, mdomo kwa mdomo, hakina uso ila kina joto, nacho kinangoja hewa ile ile anayoingoja yeye, na mstari wa wimbo ukafika, niwashie taa ya nje, akafungua kinywa na hewa isije, akavuta na upande wa pili ukavuta, kama watu wawili wanaogombea kamba ya ndoo moja, kifua kikawaka, masikio yakapiga kengele, na ndani ya hedifoni ile sauti yake ya ujana ikaanza kumbembeleza kwa jina lake la kuzaliwa, niachie mimi, nitaimba mimi, wewe pumzika tu, pumzika, na kweli alitaka kupumzika, alikuwa amechoka miaka tisa mizima, akaanza kufumba macho, mpaka akaona, nyuma ya ukungu uliojaa kioo, kivuli cha kiganja cha mama yake kimebandikwa pale na hakiondoki, akavuta, akavuta vibaya, kwa mkwaruzo, kwa aibu yote ya koo lililopasuliwa, na hewa ikaingia ikilia kama ufagio kwenye saruji.

"Narudi," akaimba.

Upande wa pili wa kioo mama alikuwa amekwisha vaa hedifoni. "Mmemaliza?"

Kimya.

"Mmemaliza?"

Kimya. Akauliza mara ya tatu, kama sheria ya kazi ilivyotaka, kisha akachomoa waya wa maikrofoni.

Harufu ilikatika papo hapo. Chiriku alitoka, akapita bila kusema neno hadi bafuni, akakihemea kioo. Kikaingia ukungu mweupe. Alisimama akiutazama mpaka ukakauka, kisha akahema tena.

Albamu ilitoka kwa siku iliyopangwa. Mmoja aliandika kwamba Chiriku siku hizi anahema kama mzee anayepanda ghorofa. Mwingine aliandika kwamba aliposikia pumzi ile kabla ya "narudi" alisimamisha gari kando ya barabara, akampigia mama yake simu. Fundi aliuondoa wimbo wa zamani, akaweka mpya mahali pake.

"Kila mahali?" mama aliuliza.

"Kila mahali mkono wangu unapofika, mama. Ila uliokwisha ingia kwenye simu za watu, huo hauko mikononi mwetu."

"Na shindano?"

"Meneja amelifunga."

"Na watu wamelifunga?"



Jumamosi moja, siku ya onyesho lake la kwanza, Chiriku alikwenda saluni kuoshwa nywele. Hawakumtambua, miaka tisa hubadilisha sura. Alilala chali, shingo kwenye beseni, povu hadi masikioni, macho yamefumbwa. Vidole vya binti aliyemwosha vilikuwa na joto na subira. Mtu akaweka simu yake kwenye rafu, "Taa ya Nje" ukaanza.

"Haya, bingwa wetu!" alisema mwanamke mmoja chini ya mashine ya kukaushia. "Jana uliishia kiitikio cha pili. Leo je?"

"Leo namaliza," alisema binti, akacheka, akavuta hewa kwa mdomo wazi, akaanza kuimba.

Chiriku akasikiliza. Ulikuwa wimbo ule wa zamani, laini, usio na pengo. Pumzi zake zote sasa alizijua kama mtu anavyojua meno yake, na alijikuta akipumua kila mahali ambapo simu haikupumua. Binti alipita kiitikio cha kwanza. Akapita cha pili. Wanawake wakapiga makofi: "Usipumue! Usipumue!" Dakika ya pili na sekunde ya kumi na moja ikafika, ikapita, na binti hakuyumba hata kidogo, sauti yake ilizidi kupanda, na vidole kichwani mwa Chiriku vikaanza kupoa, kimoja kimoja, mpaka vikawa baridi kuliko maji.

Wimbo ukaisha kwenye simu. Makofi yakalegea, yakakoma. Binti alikuwa bado anaimba.

Chiriku akafumbua macho. Juu yake uso ule mchanga ulikuwa umeinama, midomo rangi ya jivu, ikitembea. Akaushika mkono uliokuwa na povu, akauliza kwa ile sauti kavu ya mama yake, kwa sababu hakujua swali jingine.

"Binti. Mmemaliza?"

Binti akanyamaza. Akainama zaidi, karibu, karibu, mpaka pua zao zikakaribia kugusana, na kwenye paji la uso la Chiriku, lililolowa, hapakupita hata chembe ya hewa.

"Bado," alijibiwa, kwa sauti aliyokuwa nayo yeye miaka tisa iliyopita.